Shingo ya Ushahidi

Watu wa kiwanda cha kufulia walimwita Chapuchapu, na jina hilo hakupewa kwa hisani. Asubuhi shuka za hoteli zilirundikwa upande wake wa kulia mpaka usawa wa kiuno, na kabla wenzake hawajamaliza kugombania feni, rundo zima lilikuwa limeshahamia kushoto, limenyooshwa na kukunjwa kona kwa kona. Mikono haikutulia, na mdomo ndio kabisa. Alipiga pasi huku anasimulia, huku anacheka, huku anageuka kumjibu huyu na kumrushia utani yule aliye nyuma yake. Jinsi alivyokuwa akigeuka! Waliokuwa naye wakikumbuka hilo, huwa wanabadilisha mazungumzo.

Sasa sikia habari ya bomba. Kila meza ya pasi ilikuwa na bomba la mpira la kuleta mvuke kutoka kwenye tangi, na bomba la meza ya Chapuchapu lilikuwa na ufa kwenye maungio tangu zamani. Msimamizi alijua. Mwenye kiwanda alijua. Hata yule mleta sabuni alijua, maana alishawahi kuuliza kinachofuka pale ni nini. Jibu lilikuwa lile lile: jipya limeagizwa, liko njiani. Basi wakati liko njiani, wafanyakazi wakajitungia desturi yao. Kila asubuhi, kabla mvuke haujafunguliwa, walichana utepe wa shuka kuukuu, wakauloweka, wakalizungushia bomba na kulikaza kwa waya. Hiyo waliiita kumfunga mgonjwa bandeji.

"Mgonjwa kaamkaje leo?"

"Anakohoa kidogo, lakini atafika jioni."

Wanacheka, wanaanza kazi. Ungewaambia nini? Kazi wanaitaka, na bomba si lao.

Mgonjwa alipasuka siku ya shuka nyingi, hoteli ilipokuwa imejaa. Mvuke ulimpiga Chapuchapu shingoni upande wa kushoto, kuanzia nyuma ya sikio mpaka begani. Wenzake wanasema hakupiga kelele. Alikaa chini taratibu kama mtu anayetafuta kitu kilichomdondoka, na shuka bado iko mkononi.

Kaka yake ndiye aliyemkimbiza hospitali. Huyu kaka alikuwa fundi seremala, mkubwa kwake kwa miaka mingi, na wazazi walipoondoka duniani ndiye aliyemlea, akamsomesha mpaka pale mfuko ulipogoma. Hospitali alilala sakafuni chini ya kitanda chake. Alimlisha kwa kijiko. Alijifunza kubadilisha bandeji, yeye na vidole vyake vinene vya nyundo, mpaka wauguzi wakamtania kwamba wampe sare. Dada alipotolewa, akamhamishia nyumbani kwake, akampa kochi la sebuleni. Kwa hiyo mtu asije akasema kaka hakumpenda dada yake. Alimpenda sana, na balaa lote lilipitia mlango huo huo wa mapenzi.

Hospitalini kulikuwa na mwanamke mmoja, mnene wa mikono na wa sauti, kazi yake kuwanyoosha waliovunjika na walioungua. Wagonjwa walimwita Dada Mazoezi. Alimlaza Chapuchapu chali, akamwekea taulo lililokunjwa chini ya mabega ili kichwa kidondoke nyuma, kisha akakishika kwa mikono miwili na kukivutia kulia, pole pole, bila huruma. Chapuchapu alipiga mayowe mpaka watu wakachungulia.

"Lia tu, mdogo wangu, mimi sisikii," Dada Mazoezi akamwambia. "Kovu likiwa bichi linakubali kuambiwa. Likishakomaa, halimsikilizi mtu. Utakuja hapa mara mbili kwa wiki, na nyumbani watakuvuta. Ukizembea, hiki kidevu kitakwenda kukaa begani na hakitaomba ruhusa."

Akaenda mara ya kwanza, akaenda ya pili, ya tatu. Siku hiyo ya tatu aliamka kutoka kitandani akaliona bega lake la kulia kwa macho yake mwenyewe, akacheka kwa sauti. Alilotaka duniani kwa wakati ule lilikuwa hilo tu: shingo igeuke, arudi kwenye meza yake, mtu akimtania kutoka nyuma aweze kumtazama usoni na kumjibu.

Ndipo akaja wakili. Ofisi yake ilikuwa juu ya duka la magodoro, ngazi nyembamba, na mwenyewe alikuwa na simu mbili ambazo hazikuwahi kunyamaza pamoja. Akawaeleza kaka na dada kwamba kesi yao ni nzuri. Kampuni ya bima ilishakubali kwamba bomba lilikuwa la kiwanda na uzembe ulikuwa wa kiwanda. Kilichobaki kubishaniwa ni shingo: imeharibika kiasi gani, na itabaki hivyo au itapona. Bima watamleta daktari wao aikague, na fidia itafuata maneno ya daktari huyo.

"Sasa nisikilizeni vizuri," wakili akasema, simu moja sikioni na nyingine inaita. "Asifanyiwe upasuaji wowote kabla daktari wa bima hajaiona shingo. Mmenielewa?"

Kaka akasema ameelewa. Na kweli alielewa, tena alielewa kuliko alivyoambiwa. Walipofika chini ya ngazi, upasuaji ulikuwa umegeuka matibabu. Walipofika mlangoni kwake, matibabu yalikuwa yamegeuka asiguswe.

"Asiguswe na nani?" akauliza mke wake. Huyu wifi alikuwa akiuza mkaa hapo nje, na mdomo wake ulikuwa unawaka kabla ya mkaa wenyewe.

"Na yeyote. Kuanzia leo hiyo shingo ni ushahidi."

"Na ushahidi unaoga?"

"Unaoga. Ila haukandwi."

"Haya. Ushahidi, karibu chakula."

Chapuchapu akacheka, ila kicheko kikakatika. "Na mazoezi je, kaka? Kesho ni siku yangu."

"Mazoezi ya nini tena? Unataka ukafike mbele ya daktari wa bima shingo inazunguka kama feni? Atasema hujaumia, unatafuta pesa za bure. Vumilia, mdogo wangu. Ni siku chache. Akishaiona tu, mimi mwenyewe nitakupeleka kwa huyo Dada Mazoezi hata kila siku."

Angekataa vipi? Mtu aliyelala sakafuni kwa ajili yako, aliyekulisha kwa kijiko, unamwambia nini? Akakubali. Wifi akamtazama jinsi alivyoinamisha kichwa, akasema kwamba wengine hukubali mambo shingo upande siku moja moja, lakini huyu sasa itakuwa kutwa kucha. Kaka akamwambia anyamaze.

Zile siku chache, jamani, hazikuisha. Mara daktari wa bima amesafiri. Mara amerudi, lakini jalada limepelekwa ofisi nyingine. Mara limerudi, lakini halina sahihi. Kila tarehe ikiahirishwa, wakili anasema subirini, kaka anakuja nyumbani anasema tusubiri, na shingo, ambayo haikuwa imeambiwa isubiri, inaendelea na mambo yake.

Chapuchapu aliijua safari ya shingo yake kwa kioo cha bafuni. Mwanzoni, akisimama mbele ya kioo na kujigeuza kulia kwa nguvu zake zote, aliweza kuuona mlango mzima. Baadaye akawa anaona bawaba tu. Baadaye tena ukuta, ule wenye msumari wa kutundikia taulo. Siku moja akajigeuza mpaka machozi yakamtoka, na alichokiona kilikuwa ni sabuni. Kovu lilikuwa limekaza kama kamba ya mzigo, jekundu, linang'aa, linawasha mchana kuliko usiku. Kidevu kilivutwa chini na kushoto. Akila, chakula kilimtoka pembeni. Akitaka kumwona mtu aliye kulia kwake, alihamisha mwili mzima, miguu na kiuno na mabega, kama anayesogeza kabati.

Angalau angetoka nje, apunge upepo. Wapi! Kaka alikuwa ameambiwa na mtu huko mjini kwamba kampuni za bima hutuma watu wenye simu, wanawapiga picha wagonjwa wakicheka barabarani, kisha wanazipeleka kwa hakimu. Basi. Tangu siku hiyo kila mpita njia akawa mpelelezi. Pale kona kulikuwa na fundi wa miavuli, mzee wa watu, anakaa na kibegi chake tangu nyumba ile haijajengwa. Kaka akamtilia shaka.

"Mvua yenyewe haijanyesha muda gani? Anashona mwavuli wa nani?"

"Wako," akajibu wifi. "Ule uliompelekea mwenyewe."

Haikusaidia kitu. Pazia likateremshwa na likabaki hivyo. Chapuchapu asiende dukani, asikae barazani, asisimame dirishani, na kama ni lazima acheke basi achekee ndani. Wenzake wa kiwandani walikuja kumwona mara mbili. Kaka alikaa katikati yao muda wote kama mlinzi wa benki, na walipoanza kukumbushana vituko vya kazini, akawakumbusha kwamba mgonjwa anatakiwa apumzike. Hawakurudi tena.

Akawa mtu wa kochi. Kushoto kwake, upande pekee aliouona bila shida, kulikuwa na ukuta na kalenda. Kulia kwake kulikuwa na nyumba nzima na maisha ya watu, na hayo aliyasikia tu. Alijua nani ameingia kwa viatu. Alijua wifi amekasirika kwa jinsi sufuria lilivyowekwa. Alikuwa na hasira, nyingi tu, na hasira hizo hakuwa na pa kuzipeleka, kwa sababu kila aliyetaka kumkasirikia alikuwa ndiye anayemlisha.

Kaka naye hakuwa kaka yule. Alinunua koti. Aliacha kupokea kazi za vitanda na milango, akisema hana nafasi, leo ana wakili, kesho ana mahakama, na kesi ikiisha atafungua karakana kubwa yenye mashine za umeme, kwa nini ajichoshe na msumeno wa mkono? Mtaani wakaanza kumwita Mheshimiwa, naye akaitika. Vitanda viwili vilivyoagizwa zamani vilisimama sebuleni bila mbao za chini, na wenyewe walishachoka kuvidai. Nyumba ikawa inaendeshwa na mkaa wa wifi. Kila jambo likasogezwa mbele: bati linalovuja, ada za watoto, jino la kaka lililokuwa linamnyima usingizi. Yote yanasubiri shingo.

Siku moja kaka ameenda kwa wakili, wifi akaingia ndani ananawa mikono. Akafunga mlango.

"Lala chini."

"Kwa nini, wifi?"

"Lala, nikuvute. Nimeshindwa kukutazama. Mtu unaongea naye, yeye anaongea na kalenda."

Akaleta mafuta, akaweka khanga iliyokunjwa chini ya mabega yake kama Dada Mazoezi alivyokuwa anaweka taulo. Chapuchapu akamwelekeza: shika hapa, usivute kwa pupa, vuta kama unachota maji usiyotaka yamwagike. Maumivu yalikuwa ya kuona nyota, lakini ndani ya yale maumivu kulikuwa na kitu kinachoachia, kidogo, kidogo sana, na yeye akawa analia na kusema endelea, wifi, endelea.

Mlango ukafunguliwa. Kaka alisimama na koti lake. Akasikia harufu ya mafuta, akaona.

Mtu angetegemea afoke. Hakufoka. Alikaa kwenye kile kitanda kisicho na mbao, kwenye ukingo, akashika kichwa. "Nimeacha kazi yangu kwa ajili yako," akasema. "Nimedharaulika mjini kwa ajili yako. Kila siku napanda ngazi za yule wakili mpaka magoti yananiuma. Halafu nikitoka tu, mnaniharibia." Na akalia, mwanamume mzima, machozi ya kweli, si ya kuigiza.

"Samahani, kaka," Chapuchapu akasema, bado yuko sakafuni na mafuta shingoni. Alijisikia akisema hivyo, akajichukia. Lakini samahani ilishatoka.

Wifi akafuta mikono. "Basi," akasema. "Mimi sigusi tena kitu cha watu. Kwenye kesi yenu msinitie." Akatoka kwenda kwenye mkaa wake, na kweli hakugusa tena.

Hatimaye daktari wa bima akaonekana. Kumbe alikuwa mwanamke kijana, mpole, hana hata zile pembe ambazo kaka alikuwa amemwotesha miezi yote. Chumba chake, kwenye kliniki ya bima, kilikuwa na kitanda kilichotandikwa karatasi, pazia la plastiki na viti viwili. Kaka alikuwa amemfundisha Chapuchapu njia nzima: usigeuke hata kidogo, ukiguswa lia, ukiulizwa sema kidogo. Kama vile kulikuwa na haja ya kufundishwa. Shingo ilishajifunza yenyewe.

"Tazama kulia, dada."

Akatazama. Macho yalikwenda, kichwa kikabaki.

"Tazama juu. Fungua mdomo. Zaidi? Haiendi zaidi, sawa, usijiumize." Daktari akaliminya kovu kwa kidole gumba, kutoka sikioni akashuka nalo mpaka begani, akarudi juu. Alichukua muda. Kaka alikuwa kwenye kiti nyuma yao, na Chapuchapu alisikia jinsi kiti kilivyolalamika, akajua kaka ameegemea mbele kwa furaha. Shingo ilikuwa mbaya. Shingo ilikuwa mbaya kuliko walivyoota.

"Kovu la namna hii huvutwa likiwa bichi," daktari akasema. "Hospitali hawakukupa mazoezi?"

Kiti kikanyamaza.

Sasa ona alivyobanwa. Akisema hawakumpa, anamsingizia Dada Mazoezi, yule mwanamke aliyemwambia ukweli tangu siku ya kwanza, na huyu daktari akipiga simu moja tu uongo unaanikwa. Akisema walimpa, ataulizwa kwa nini hakufanya. Na jibu la swali hilo limeketi nyuma yake, limevaa koti.

"Walinipa."

"Ukaenda?"

"Nilienda. Halafu nikaacha."

"Nani alikukataza?"

Aliulizwa kwa upole, kama mtu anayeulizwa kama anataka maji. Chapuchapu akaitazama ile karatasi ya kitandani. Akawaza sakafu ya hospitali, akawaza kijiko. Akawaza kioo cha bafuni.

"Hakuna," akasema. "Mimi mwenyewe. Niliogopa maumivu."

Nyuma yake kaka alishusha pumzi. Ilikuwa pumzi ndefu, ya mtu aliyetua gunia, na Chapuchapu akaisikia yote mpaka mwisho wake. Alitamani kumwona uso wakati ule. Hakuweza.

Daktari akaketi. "Nasikitika, dada, lakini sina budi kukueleza nitakachoandika. Kuungua ni kwa kiwanda, hilo halina ubishi, na watakulipa. Huku kukakamaa ni jambo jingine. Kwa mazoezi, shingo hii ingegeuka, si yote, lakini ungeishi nayo. Hiyo sehemu, ambayo ndiyo kubwa, haikutokana na mvuke. Ilitokana na kutotibiwa. Bima hawatailipia." Kisha akaongeza, sauti chini, "Hata hivyo bado kuna nafasi kidogo. Anza leo. Usingoje kesho."

Nje, kwenye ukumbi wa benchi, kaka akampigia wakili. Wakili alikuwa na sauti ya mtu mwenye simu mbili, kila neno lilisikika mpaka kwenye benchi la wagonjwa.

"Mazoezi? Nani alimwambia asifanye mazoezi? Mimi nilisema upasuaji! Upasuaji, mzee!"

Kaka akatazama sakafu. Kisha sauti ya simu ikapungua, ikaanza kueleza jambo jingine, naye akawa anasema ndiyo, ndiyo, nimekuelewa, na kila ndiyo mgongo wake unanyooka. Alipokata simu uso ulikuwa umerudi.

"Bado hatujashindwa," akamwambia dada yake, amechuchumaa mbele yake ili aonekane. "Tutatafuta daktari wetu. Huyo ataandika kwamba hata ungefanya mazoezi ya dunia nzima shingo ingekakamaa tu, kwamba ni mvuke na mvuke peke yake. Ila mpaka huyo daktari aione, isiguswe. Umenielewa? Wakili amesisitiza. Ukianza mazoezi sasa, ikalegea hata kidogo, bima watasema, si mnaona, daktari wetu alisema kweli. Ukinyooka sasa utakuwa umewapa ushahidi wao."

Chapuchapu alimtazama. Alichukua muda kulielewa. Mwanzo kesi ilimtaka asipone ili alipwe. Sasa ilimtaka asipone ili ithibitike kwamba hakuwa mtu wa kupona. Na ikishathibitika? Bima watajibu, wakili atasema subirini, na yeye atazeeka kwenye lile kochi anazungumza na kalenda, wote wakimtunza vizuri.

"Mpaka lini, kaka?"

"Siku chache tu."

"Ulisema hivyo."

"Mdogo wangu." Alimshika mikono yote miwili. "Ulilonifanyia mle ndani sitalisahau mpaka kufa. Ungeweza kunitaja. Hukunitaja. Sasa malizia. Tumefika mbali mno kurudi."

Akaitoa mikono yake kwenye mikono ya kaka, mmoja mmoja. Akasimama.

"Kesi ichukue, kaka. Ni yako, umeihangaikia, endelea nayo. Shingo niachie mimi."

"Unakwenda wapi? Hujui hata njia ya—"

Njia aliijua. Hospitali ilikuwa ng'ambo ya barabara kuu, na barabara hiyo hakuwa ameivuka peke yake tangu aungue. Alisimama ukingoni. Magari ya kushoto aliyaona. Ya kulia ilibidi ageuze mwili wote ayatazame, na akishayatazama ya kushoto yanampotea, mpaka akawa anazunguka pale pale na watu wanampisha wakidhani amechanganyikiwa. Kijasho kikamtoka. Akaingia barabarani hivyo hivyo, ubavu mbele. Gari likafunga breki, dereva akamtukana, naye hakuweza kugeuka amwone ni nani. Akafika.

"Chapuchapu!" Dada Mazoezi alipaza sauti kabla hajamwona vizuri. Alipomwona vizuri, sauti ikashuka. "Ulipotelea wapi, mama?"

"Nilikuwa nasubiri."

Hakuulizwa anasubiri nini. Alilazwa chali, taulo likaingia chini ya mabega, na ile mikono minene ikapapasa kovu kama mtu anayetafuta mwanzo wa uzi uliochanganyika. Dada Mazoezi akarudi mwanzo, akapapasa tena.

"Niambie tu," Chapuchapu akasema.

"Ningekupata wakati ule ningekurudishia shingo. Sasa tutaigombania kidogo kidogo. Kuna utakachopata na kuna ambacho hutakiona tena. Unataka nianze?"

"Anza."

Akavuta. Chapuchapu akatoa sauti ambayo hakuitoa hata siku ya bomba, ikaenda ikagonga ukuta ikarudi. Chini ya sauti hiyo akasikia viatu vikija kwenye ukumbi. Vilikuwa vizito, kimoja kinaburuta kidogo, na hakuhitaji kuona ajue ni vya kaka. Vikasimama mlangoni.

Dada Mazoezi akalegeza, akapumua, akavuta tena. Alipomaliza, alimfuta machozi kwa ncha ya taulo, naye mwenyewe ametoka jasho.

"Sasa nisikilize. Mimi hapa nitakuvuta mara mbili kwa wiki, na hiyo haitoshi, si kwa shingo iliyofika hapa. Inatakiwa ivutwe kila asubuhi na kila jioni bila kukosa. Inatakiwa mtu mwenye mikono ya nguvu, anayekupenda, na asiyekuacha ukilia." Akamwinamia. "Nyumbani una mtu?"

Kichwa chake kilikuwa kimening'inia nyuma, macho yanatazama dari. Mlangoni hapakuwa na sauti yoyote, hata ya pumzi.

"Sina," alisema Chapuchapu.